Mamlaka Yasikae Mkononi mwa Mtu Mmoja

Jinsi Katiba ya Kenya ilivyogawanya nguvu za dola, na kwa nini mipaka ya namna hiyo huvunjwa kwa kura mara nyingi kuliko kwa bunduki

Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga aliketi pamoja na wenzake katika Mahakama ya Juu jijini Nairobi, akatamka hukumu ambayo hakuna mahakama ya Afrika iliyokuwa imewahi kuitoa juu ya ushindi wa rais aliyeko madarakani: kwamba uchaguzi wa tarehe 8 Agosti haukuendeshwa kama Katiba inavyoagiza, kwamba matokeo yake ni batili, na kwamba uchaguzi mwingine ufanyike katika muda wa siku 60. Majaji wanne waliafikiana, wawili wakapinga, na wa saba hakuwapo kwa sababu ya maradhi. Rais Uhuru Kenyatta, ambaye ushindi wake ndio uliotenguliwa, alilihutubia taifa akasema kwamba hakubaliani na hukumu hiyo lakini ataiheshimu. Na ijapokuwa baadaye, mbele ya wafuasi wake, aliwatolea majaji maneno makali, na ijapokuwa mlalamishi Raila Odinga aliususia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba, askari hawakuizingira Mahakama, wala hapana jaji aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya hukumu yake.

Wengi waliusifu ushujaa wa majaji wale, nao walistahiki sifa. Walakini ushujaa ni tunu ya mtu binafsi, na hapana sheria iwezayo kuuagiza. Katiba njema ni ile inayomwezesha jaji wa kawaida, mwenye watoto wa kusomesha na deni la nyumba la kulipa, kutoa hukumu ya haki bila kulazimika kuwa shujaa. Na uwezo huo hautoki katika matamko makubwa ya dibaji, bali katika vifungu ambavyo aghalabu msomaji huviruka kwa uchovu: nani aweza kumwondoa jaji, nani ameshika funguo za hazina, na ni kura ngapi zinazotakiwa ili kuibadili kanuni yenyewe. Kenya inatufaa sana katika somo hili, kwa kuwa ni nchi iliyoanza na mipaka, ikaipoteza kipande kwa kipande mbele ya macho ya wote, kisha ikairudisha kwa gharama kubwa ya roho za watu.

Sababu ya kugawanya

Kazi za dola, zikipembuliwa, ni tatu: kutunga sheria, kuitekeleza, na kuamua shauri pale watu wanaposhindana juu ya maana yake. Mtu mmoja akizishika zote, huweza asubuhi kutunga sheria ya kumnasa hasimu wake, adhuhuri akapeleka askari kumkamata, na alasiri akaketi yeye mwenyewe katika kiti cha hukumu na kumtia hatiani. Na katika mchana huo mzima mshitakiwa hana mlango hata mmoja wa kubisha hodi. Mfaransa Montesquieu aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1748 juu ya roho ya sheria, na wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 wakayafanya kuwa msingi wa katiba ya Marekani. Lakini Mkenya hakuhitaji kitabu ili aijue dhulma ya namna hiyo, maana alikwisha kuishi chini ya Bwana DC, mkuu wa wilaya wa ukoloni, aliyekuwa mtoza kodi, mkuu wa askari na hakimu kwa wakati mmoja.

Kugawanya peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Mihimili mitatu ikitengwa kabisa, kila mmoja ukatawala shamba lake bila kuulizwa, raia atakuwa amebadilishiwa bwana mmoja kwa mabwana watatu. Ndiyo maana katiba zenye busara huufanya kila mhimili uhitaji idhini ya mwingine, kama kasha la urithi lenye kufuli tatu ambalo ndugu watatu wameshika kila mmoja ufunguo wake: halifunguki mpaka wote wahudhurie, na kuhudhuria kwao ndiyo amani ya wale wenye mali. Bunge hupitisha mswada, lakini Rais hutia sahihi. Rais huteua waziri, lakini Bunge humhoji na kumwidhinisha. Wote wawili hutenda, lakini Mahakama husema kama walitenda ndani ya mipaka yao. Na wenye mali ni wananchi, kwa kuwa Kifungu cha 1 cha Katiba ya Kenya kinatangaza kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu, nao ndio walioyakabidhi kwa Bunge, kwa Serikali na kwa Mahakama. Kilichokabidhiwa ni amana, na amana ina masharti.

Ngome iliyobomolewa kwa utaratibu

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, haikuanza bila ngome. Katiba iliyojadiliwa Lancaster House, London, iliweka mabaraza mawili ya kutunga sheria, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Iliigawa nchi katika majimbo yenye mabaraza yake. Iliwahakikishia majaji usalama wa kazi yao. Na juu ya hayo yote ikaweka sharti zito la mabadiliko, yaani robo tatu ya wajumbe wa kila baraza kwa vifungu vya kawaida, na tisa kwa kumi ya Seneti kwa vile vilivyolindwa zaidi, kama haki za raia na muundo wa majimbo. Hata mahakama za kadhi za mwambao ziliwekewa ahadi, kwa barua walizoandikiana Oktoba 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte.

Ngome hiyo haikupigwa mizinga. Mwaka 1964 chama cha upinzani cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakahamia chama tawala cha KANU, na Desemba ya mwaka huo Waziri Mkuu akawa Rais wa jamhuri. Mwaka 1965 yale masharti ya robo tatu na tisa kwa kumi yalishushwa hadi asilimia 65, na msomaji na asimame hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo tendo lililozaa mengine yote: kanuni inayozilinda kanuni ililegezwa mapema, na baada ya hapo kila kilichobaki kikawa rahisi. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini na kutoweka. Mwaka huo huo Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha KPU, Katiba ikabadilishwa upesi ili kila mbunge anayehama chama apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka 1968 mabaraza ya majimbo yakafutwa kabisa, na mwaka 1969 KPU yenyewe ikapigwa marufuku.

Mwaka 1975 Katiba ya taifa zima ilibadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, ili Rais apate uwezo wa kumwondolea kizuizi mwanasiasa Paul Ngei, aliyekuwa amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi. Juni 1982, chini ya Rais Daniel arap Moi, kikaongezwa kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa usalama wa kazi, yaani yule mwenye kuamua nani ashitakiwe na yule mwenye kuamua hesabu zipi zifichuliwe wakawa watu wa kufukuzwa wakati wowote. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Na katika badiliko hilohilo muda ambao polisi waliweza kumshikilia mtu anayeshukiwa kwa kosa la kunyongwa, kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu, uliongezwa kutoka saa 24 hadi siku 14.

Tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyopitishwa kwa pigo moja: polisi waliongezewa siku za kukaa na mtu gizani, na hakimu aliyepaswa kuuliza alikuwaje huko gizani akanyang'anywa kinga yake. Mambo hayo hayakuwa nadharia za wanasheria. Miaka hiyohiyo watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, waliteswa katika vyumba vya jumba la Nyayo House, katikati ya Nairobi, na ilibidi miaka mingi ipite ndipo mahakama, ikiwa imerudishiwa uhuru wake, ilipowasikiliza baadhi yao na kuamuru walipwe fidia.

Jambo la kutia huzuni kuliko yote ni kwamba mabadiliko haya yalipita Bungeni. Miswada iliwasilishwa, ikasomwa, ikapigiwa kura, ikatiwa sahihi na kuchapishwa katika gazeti la serikali. Wale waliopewa kazi ya kumzuia Rais ndio waliomkabidhi, kura kwa kura, nyenzo za kutozuilika. Tumezoea kuyahofia mapinduzi ya kijeshi, na ni haki tuyahofu. Lakini katiba ya Kenya ya 1963 haikuuawa na mapinduzi yoyote.

Usalama wa kazi wa majaji ulirejeshwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, baada ya mashinikizo ya wananchi, makanisa, mawakili na wafadhili. Hata hivyo imani ikishavunjika hairudi kwa kura moja ya Bunge. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa na upinzani ukaambiwa uende mahakamani, ulikataa ukisema kuwa mahakama hizo si huru. Na mgogoro uliokosa kadhi wa kuuamua ukaamuliwa barabarani kwa mapanga, mishale na risasi, hata wakafa watu zaidi ya 1,000 na mamia ya maelfu wakahama makwao. Anayeuliza uhuru wa mahakama unamfaa nini mkulima wa Eldoret au mchuuzi wa Kisumu, jibu lake limo katika majira yale.

Majibu ya mwaka 2010

Katiba iliyoidhinishwa kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010, kwa takriban asilimia 67 ya kura, na kutangazwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 27 Agosti katika bustani ya Uhuru Park, ni waraka mrefu wenye vifungu 264. Aisomaye huku ameikumbuka historia iliyotangulia ataona kwamba sehemu kubwa yake ni majibu, na kwamba kila jibu lina swali lake lililoulizwa kwa machungu.

Je, majaji walikuwa wakifukuzwa kwa hiari ya Rais? Sasa jaji haondolewi mpaka Tume ya Huduma za Mahakama ipokee malalamiko na kuyapima, kisha jopo maalumu liundwe kumchunguza. Mshahara wake hauwezi kubadilishwa kwa namna ya kumdhuru. Na Rais huteua majaji kwa mapendekezo ya Tume hiyo, huku Jaji Mkuu na naibu wake wakihitaji pia idhini ya Bunge la Taifa. Je, mizozo ya urais ilikuwa ikikaa mahakamani mpaka ikapoteza maana? Sasa malalamiko hupelekwa Mahakama ya Juu katika siku 7 na kuamuliwa katika siku 14. Je, marais walikuwa wakiwanyamazisha wabunge kwa vyeo, hata baraza la mwaka 2008 likawa na mawaziri wapatao 40? Sasa mawaziri hawawi chini ya 14 wala kuzidi 22, na waziri hawezi kuwa mbunge, ili yule anayetunga sheria na kuisimamia serikali asiwe na jicho lake juu ya gari la serikali hiyohiyo.

Mamlaka yakagawanywa pia kutoka juu kwenda chini. Kaunti 47 zilipewa magavana na mabunge yao, Seneti ikafufuliwa kuzilinda, na ili ugatuzi usibaki neno tupu, Katiba ikaamuru zipewe kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe kila fedha itokayo katika mfuko mkuu wa serikali. Rais akitangaza hali ya hatari, tangazo lake halizidi siku 14 bila kuongezwa na Bunge la Taifa, tena kwa theluthi mbili ya wabunge. Hata kadhi, ambaye nafasi yake ilibishaniwa vikali kabla ya kura ya 2010, amewekewa mpaka ulio wazi: huamua mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, wala si zaidi ya hayo.

Na lile kosa la mwaka 1965 halikusahauliwa. Mambo kumi, miongoni mwayo ukuu wa Katiba, haki za raia, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama, ugatuzi, na sura yenyewe ya mabadiliko, hayawezi kuguswa na wabunge peke yao. Lazima yaende kwa wananchi wote, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti.

Majaribu

Katiba hupimwa pale wakubwa wanapoafikiana kuliko wanapogombana, maana ugomvi wao huilazimisha kila pembe kujilinda, ilhali mapatano yao hushawishi wote kulegea. Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono, na matunda ya mapatano hayo yakawa mswada wa mwaka 2020 wa kuibadili Katiba, uliojulikana kwa herufi za BBI. Ulikusudia kuunda cheo cha Waziri Mkuu, kuruhusu mawaziri watoke tena miongoni mwa wabunge, kuongeza majimbo 70 ya uchaguzi, na kuweka katika Mahakama mpokea malalamiko atakayeteuliwa na Rais. Mabunge mengi ya kaunti yaliupitisha, na mabaraza yote mawili ya Bunge yakaupitisha. Lau ingekuwa mwaka 1966, mambo yangekwisha hapo.

Lakini tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao katika mambo ya msingi mwezi Agosti. Na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, ingawa ilikataa nadharia kwamba Katiba ina kiini kisichoweza kubadilishwa kwa njia za kawaida, ilishikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ya mpango wa wananchi. Njia hiyo, inayotaka sahihi 1,000,000 za wapiga kura, ni mlango wa mwananchi asiye na mlango mwingine. Na aliye na serikali nzima nyuma yake asijifanye mnyonge ili aupitie.

Haitakuwa insafu kueleza ushindi na kunyamazia upungufu. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Rais aliwaacha wangoje karibu miaka miwili, na Juni 2021, mmoja wao akiwa amefariki, akawateua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 tu, alipoingia Rais William Ruto. Mwaka 2018 amri za mahakama juu ya mwanasheria Miguna Miguna zilipuuzwa, akasafirishwa nje ya nchi. Novemba 2019 Jaji Mkuu Maraga alilalamika hadharani kuwa bajeti ya Mahakama ilikuwa ikikatwa hata kazi zikakwama. Na Septemba 2020, alipomshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya usawa wa jinsia, ushauri huo haukutekelezwa. Mahakama haina askari wala hazina. Ina hoja tu, na hoja yataka wenye nguvu wawe na haya ya kuivunja, au raia wawe macho ya kuwatazama.

Hata hivyo, ukiniuliza mhimili upi ni dhaifu kuliko yote, sitaitaja Mahakama. Nitalitaja Bunge. Juni 2024 wabunge 195 dhidi ya 106 waliupitisha mswada wa fedha uliopingwa na umma waziwazi, na baadhi ya vijana walioingia barabarani kuukataa waliuawa kwa risasi, wengine katika viunga vya Bunge lenyewe. Ikawa Rais mwenyewe, tarehe 26 Juni, ndiye aliyetangaza kuwa hatautia sahihi. Mswada wa serikali ulizuiwa na mkuu wa serikali kwa hofu ya umma, baada ya wale waliochaguliwa kuuzuia kusema ndiyo. Oktoba ya mwaka huo Bunge la Taifa na Seneti ziliuonyesha ukali wa upanga wao kwa kumwondoa madarakani Naibu Rais Rigathi Gachagua, tendo ambalo halikuwa limewahi kutokea chini ya Katiba hii. Lakini upanga huo ulimshukia mtu ambaye Rais alikwisha kukosana naye. Upanga unaochomolewa pale tu mkuu anaporidhia haujawa bado kizuizi juu ya mkuu.

Sababu yake haifichiki. Waziri ametengwa na Bunge, lakini mbunge bado huitazamia tikiti ya chama, barabara ya jimbo lake na miadi ya kesho kutoka Ikulu. Katiba yaweza kumwekea mtu kiti kilicho huru. Kumfanya akikalie kwa uhuru ni kazi ya waliompa kiti. Wabunge wa 1965 hawakuulizwa na wapiga kura wao kwa nini asilimia 65, kwa kuwa wachache tu walijua kwamba swali hilo lilihusu maisha yao. Sisi tunajua, nasi hatuna udhuru.

Kwa hiyo kila litakapoletwa badiliko la Katiba, liwe limeletwa na serikali au na upinzani, likiwa limepambwa kwa jina la umoja, amani au maendeleo, mwananchi na aulize maswali mawili kabla ya mengine yote: ni nani ambaye jana aliweza kusema hapana na kesho hataweza, na badiliko hili likituumiza, ni kura ngapi zitakazohitajika kuliondoa? Aulize katika vikao vya maoni ya umma ambavyo Katiba inaviamuru, aulize katika baraza la mtaa, amwulize mbunge anapokuja kuomba kura. Asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili kura ya ndiyo. Na akiyajibu kwa kusema kwamba kiongozi wa sasa ni mtu mwema, akumbushwe kwamba sheria humngoja pia atakayekuja baada yake.